Joto la sakafu ya vifaranga: Maji ya nyuzi ngapi yafaa Kakamega?

VIFARANGA wa siku moja wanapoteremshwa mjini Kakamega wakiwa ndani ya masanduku yao ya karatasi, wengi wao baada ya kusafiri usiku kucha kwa basi kutoka vituo vya kutotolesha vilivyo mbali, mnunuzi huwa amekwisha kugharimika. Amelipia vifaranga, amelipa nauli ya mzigo, na gunia la chakula limekwisha kununuliwa. Iwapo siku tatu baadaye atawakuta wamelaliana katika pembe moja ya chumba, wale wa chini wakiwa wamekufa kwa kukosa hewa, lawama ya kwanza humwangukia aliyewatotolesha na ya pili huwaangukia maradhi. Dukani kwa muuzaji wa dawa za mifugo hununuliwa dawa ya kuhara, kisha nyingine ya kifua. Mara nyingi hakuna ugonjwa wowote. Kilichowaua ni sakafu.

Mji wa Kakamega uko karibu sana na Ikweta, ila umeinuka takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mchana joto hufika nyuzi 26 hadi 28, na usiku hushuka hadi nyuzi 14 au chini yake kidogo, hasa kati ya Juni na Agosti. Mvua ni nyingi mno, kiasi cha kukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na ndiyo iliyoutunza msitu wa Kakamega, kipande cha mwisho nchini Kenya cha misitu ya mvua ya aina ya Kongo. Alasiri ngurumo huanza, mvua ya mawe hushuka juu ya mabati, na hewa iliyokuwa ya fukuto hupoa kwa muda mfupi. Binadamu hujifunika shuka akaendelea na usingizi. Hakuna mwenyeji anayehitaji kupashiwa joto sakafu ya sebule yake, kama wafanyavyo watu wa Ulaya na Korea. Anayehitaji sakafu yenye joto huku ni kifaranga, na baada yake mwana wa nguruwe.

Hitaji hili limeongezeka kadiri wafugaji wanavyohamia kwa kuku wa kienyeji walioboreshwa. Kuku wa asili, yule ambaye Waluhya humwita ingokho na ambaye mgeni wa heshima hachinjiwi mbadala wake, huatamia mwenyewe na kulea wanawe. Kuku walioboreshwa, wakiwemo wale waliotokana na utafiti wa shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, huko Naivasha, wamepunguziwa silika ya kuatamia ili watage zaidi. KALRO pia ina taasisi yake mjini Kakamega inayoshughulikia mifugo isiyocheua, kama vile kuku na nguruwe. Kuku asiyeatamia hana budi kupatiwa mlezi wa badala, na mlezi huyo ni joto la kutengenezwa.

Njia ya kulitoa joto hilo kwa maji yaliyopita chini ya sakafu si ngeni. Warumi wa kale walipitisha hewa ya moto chini ya vyumba vyao vya kuogea, na Wakorea wamepitisha moshi wa jikoni chini ya sakafu kwa karne nyingi kabla ya kugeukia mabomba ya maji. Hapa Kenya, mfano mkubwa ulionekana Naivasha, ambako shamba la maua la Oserian lilianza mnamo 2003 kutumia joto la kisima cha mvuke wa ardhini kupasha maji yaliyozungushwa ndani ya vibanda vya waridi nyakati za usiku, ili kukausha unyevu unaoleta ukungu. Huko Menengai, Nakuru, shirika la serikali la GDC lilifungua mwaka wa 2015 mradi wa majaribio wa kutumia joto kama hilo katika kibanda cha mimea, mabwawa ya samaki na usafishaji wa maziwa. Kakamega haina mvuke wa ardhini. Ina kuni, makaa, jua la asubuhi na umeme unaopotea mvua ikinyesha. Swali ambalo mfugaji wake huuliza ni lile lile: maji yawe ya nyuzi ngapi?

Swali hilo likijibiwa kwa tarakimu moja, jibu litakuwa la kupotosha. Hesabu yapasa kuanzia kwenye miguu ya kifaranga, ishuke kupitia matandiko, ipite kwenye saruji, ndipo ifike kwenye bomba.

Kuanzia miguuni

Kuku mzima ana joto la mwili la nyuzi 41 hivi. Kifaranga aliyetoka yaini huwa na nyuzi 40 au zaidi kidogo, lakini hana uwezo wa kulihifadhi joto hilo. Manyoya yake ni malaika tu. Hadi atimize takriban majuma mawili, mwili wake hufuata joto la mahali alipo, hasa joto la kile anachokikanyaga. Saruji baridi hunyonya joto kupitia nyayo na tumbo upesi kuliko hewa baridi inavyoweza, na ndiyo maana chumba kinaweza kuwa na hewa ya nyuzi 30 huku vifaranga wakitetemeka.

Koo, yaani kuku mlezi, huwapasha wanawe kutoka juu. Wao hujisukuma chini ya mbawa zake hadi migongo yao iguse ngozi yake. Taa na majiko huiga kazi hiyo. Sakafu yenye joto haimwigi koo. Kazi yake ni kuzuia joto lisitoroke kwa chini, na kwa hiyo haihitaji kuwa na moto wa mwili wa kuku. Hapa ndipo wengi hukosea. Husikia kwamba kifaranga ana nyuzi 40 wakataka na sakafu iwe 40, na matokeo ni vifaranga wanaohema midomo wazi, wanaokunywa maji bila kula, na wanaokauka miguu.

Katika juma la kwanza, uso wa matandiko chini ya kifuniko cha bruda unapaswa kuwa wa nyuzi 32 hivi. Juma la pili, 29. Juma la tatu, 26. Juma la nne, 23, na baada ya hapo 21 humtosha. Kwa maneno mengine, punguza nyuzi tatu kila juma. Kipimajoto kiwekwe kwenye kimo cha mgongo wa kifaranga, si ukutani kwenye usawa wa macho ya mwenye nyumba, ambako hewa ya moto hupanda na kumdanganya.

Asiye na kipimajoto ana shavu. Mchukue kifaranga, uiguse miguu yake shavuni mwako. Ikiwa ni ya baridi, sakafu ni ya baridi. Kipimo kingine ni gole, yaani kile kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo. Saa 24 baada ya kuwasili, karibu kila kifaranga anapaswa kuwa na gole lililojaa na laini kwa kuguswa, ishara kwamba amekula na kunywa. Aliye na miguu baridi hakitafuti chakula. Husimama akilia huku akitegemea kiini cha yai kilichobaki tumboni mwake, na kiini hicho kikiisha naye huisha. Vifo vingi vya siku ya nne na ya tano huwa vilipangwa katika saa za kwanza.

Tabia yao husema yaliyosalia. Wakirundikana katikati, wamepigwa na baridi. Wakikimbilia kingoni na kutanua mbawa, wamezidiwa na joto. Wakijikusanya upande mmoja tu, kuna upepo unaopenya upande wa pili. Waliotawanyika, wengine wakila na wengine wamelala kifudifudi, hao wameridhika. Sauti pia husikika: kilio cha baridi ni kikali na hakikatizi, na mfugaji mzoefu hukisikia akiwa kitandani.

Kutoka miguuni hadi kwenye bomba

Kati ya mguu na maji kuna vizuizi viwili. Cha kwanza ni saruji, ambayo hupitisha joto vizuri. Cha pili ni matandiko. Maranda makavu ya mbao ni blanketi hasa: sentimita moja yake huzuia joto takriban kama sentimita 20 za saruji. Mfugaji aliyefunzwa kutandika maranda sentimita tano au zaidi, ushauri mzuri kabisa kwa bruda inayopashwa kwa taa ya juu, akiyaweka maranda hayo hayo juu ya sakafu yenye mabomba atakuwa ameufunika moto wake.

Hesabu ya makadirio huonyesha tofauti ilivyo kubwa. Tuseme bruda imefunikwa kwa sanduku la mbao au pazia zito, hewa ndani yake imefika nyuzi 30, na uso wa matandiko unatakiwa uwe 32. Joto linalohitajika kupanda ni dogo, kiasi cha wati 20 kwa kila mita mraba. Maranda yakiwa sentimita mbili, maji ya nyuzi 41 hivi yatatosha. Maranda yakiwa sentimita tano, maji yatapaswa kuwa ya nyuzi 51, na saruji iliyo chini ya maranda itakuwa ya 48. Kuku ni mnyama wa kuparura. Siku atakapoparura akafika chini, atasimama juu ya saruji inayounguza.

Sasa ondoa kifuniko. Chumba kina hewa ya nyuzi 22 na uso wa matandiko unatakiwa kuwa 30. Joto linalopanda sasa ni karibu wati 90 kwa mita mraba, kwa kuwa sakafu inakipasha chumba kizima, kuta na mabati. Hata kwa maranda ya sentimita mbili tu, maji yangehitajika ya nyuzi 74. Huo ni moto ambao sakafu ya saruji haipaswi kupewa; mafundi huweka kikomo cha nyuzi 55 kwa maji yapitayo ndani ya saruji, kwa sababu zaidi ya hapo sakafu hupasuka na mabomba ya plastiki huchakaa mapema. Kwa hiyo sanduku kuukuu la mbao lililopinduliwa juu ya vifaranga, likiwa na pazia la gunia mlangoni, hufanya kazi ambayo haifanywi na gunia zima la makaa.

Kwa bruda iliyofunikwa yenye maranda ya sentimita mbili, basi, maji ya nyuzi 40 hadi 45 ndiyo ya kuanzia katika juma la kwanza. Juma la pili, 37 hadi 40. Juma la tatu, 33 hadi 35 na usiku peke yake. Nambari hizi ni mahali pa kuanzia, zirekebishwe kwa kutazama vifaranga. Binadamu naye, kwa wanaotaka kulinganisha, hufaa sakafu isiyozidi nyuzi 29 usoni pake, na nyumba zilizozibwa vizuri huko Ulaya hupata hiyo kwa maji ya nyuzi 35 tu.

Makapi ya miwa hupatikana kwa wingi karibu na viwanda vya sukari vya magharibi na hutumiwa badala ya maranda. Yanafaa yakiwa makavu kabisa. Yakiwa na unyevu juu ya sakafu yenye joto, huota ukungu, na mbegu za ukungu huo huingia mapafuni mwa vifaranga na kuwaua kwa kukosa pumzi. Joto la chini huharakisha uozo huo, kwa hiyo asiye na hakika na ukavu wa makapi yake na anunue maranda.

Kuijenga sakafu

Aliye na uwezo wa kujenga sakafu ya mabomba atakutana na mafundi wanaojua mabomba ya bafu na hawajawahi kulaza bomba chini ya saruji. Mambo machache yapaswa kusisitizwa. Chini kabisa uwe udongo ulioshindiliwa, juu yake karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu, kisha ubao mwepesi wa povu gumu wa sentimita tano. Ubao huo huonekana kama anasa na ndio wa kwanza kukatwa katika bajeti. Ukikosekana, sehemu kubwa ya joto huenda kuipasha ardhi ya Kakamega, ambayo haina shukrani. Juu ya povu hulazwa mabomba kwa umbali wa sentimita 15 hadi 20, yakienda kwa mzunguko ambamo bomba la kwenda hulala kando ya bomba la kurudi, ili kusiwe na upande wa moto na upande wa baridi. Kisha saruji ya sentimita tano hadi saba.

Saruji ikishamwagwa, isipashwe moto mara moja. Iachwe siku 21 angalau. Baada ya hapo maji yaanze kwa nyuzi 25 kwa siku tatu, ndipo yaongezwe. Anayeharakisha kwa sababu vifaranga wamekwisha kuagizwa huona nyufa kabla ya kuona faida.

Bomba jembamba la milimita 16 lisizidi mita 80 katika mzunguko mmoja. Likirefushwa, maji hupoa njiani na mwisho wa chumba hubaki baridi. Tofauti kati ya maji yanayoingia na yanayotoka iwe nyuzi tano hadi nane. Ikizidi kumi, maji yanatembea polepole mno, na dawa ni kuongeza kasi ya pampu wala si kuongeza moto. Birika au tangi linalochemshwa lisifungwe kabisa bila valvu ya usalama au bomba la kupumulia. Maji yaliyofungiwa yakichemka hupasua chuma.

Vipasha maji vya jua vilivyo juu ya mapaa mengi ya magharibi hutoa maji ya nyuzi 60 au 70 siku ya jua kali, na chini ya hapo mawingu yakitanda tangu asubuhi. Vyote viwili ni tatizo. Maji ya 65 yasiingizwe moja kwa moja sakafuni. Yapitie kwenye valvu ya kuchanganya inayoyapunguza hadi kiwango kilichochaguliwa. Na siku ya mawingu pawe na moto wa akiba.

Uvivu wa saruji

Saruji haipati moto upesi wala haipoi upesi. Kuipandisha sakafu ya unene wa sentimita kumi kutoka nyuzi 20 hadi 30 huhitaji zaidi ya nusu yuniti ya umeme kwa kila mita mraba, bila kuhesabu kinachopotea. Kwa hiyo moto huwashwa siku moja au mbili kabla ya vifaranga kufika. Anayewasha asubuhi wanapoteremshwa kwenye basi huwapokea kwa sakafu ya barafu, na kwa kihoro huzidisha moto. Kufikia usiku wa manane sakafu imezidi kiwango na haiwezi tena kurudishwa.

Uvivu huo ni neema umeme unapokatika, kwa kuwa sakafu hubaki na joto kwa saa kadhaa ilhali taa huzimika na baridi ikaingia papo hapo. Lakini kwa hali ya hewa ya Kakamega uvivu huo huo una mtego wake. Saa sita mchana jua hulichoma bati, na hewa ya chumba hupita nyuzi 30 yenyewe. Ikiwa sakafu ingali inatoa joto la usiku, vifaranga huchemka kutoka juu na kutoka chini. Kwa sababu hiyo moto wa mabomba huzimwa mapema, yapata saa kumi na moja alfajiri, ili sakafu ianze kupoa jua likipanda. Mvua ya alasiri nayo huishusha hewa ghafla, na hakuna bomba linaloweza kuikimbiza. Hapo kinachookoa ni pazia linaloteremshwa upesi, na mtu aliye nyumbani wa kuliteremsha.

Kufikia juma la tatu, mchana wa Kakamega wenyewe una nyuzi ambazo kifaranga anazihitaji. Mfugaji anayeendelea kuchoma kuni saa saba mchana kwa ajili ya kuku wa siku 20 anatupa fedha.

Asiye na mabomba

Wengi wa wafugaji wa Lurambi, Malava, Shinyalu au Butere hufuga vifaranga 50 au 100, na hawana haja ya mabomba wala pampu. Wana jerikeni. Kanuni ni zile zile na hesabu ni nyepesi zaidi.

Lita 20 za maji zikipoa kutoka nyuzi 60 hadi 35 hutoa joto linalolingana na karibu yuniti 0.6 za umeme, yaani sawa na taa ya wati 75 iliyowaka kwa saa nane. Vifaranga 100 wa juma la kwanza hutosha katika mita mraba mbili. Wakifunikwa vizuri, jerikeni mbili za lita 20 zilizojazwa jioni zinaweza, kwa makadirio, kuwavusha hadi asubuhi, nao wenyewe huchangia joto la miili yao. Katika usiku wa Julai, ya tatu iwekwe tayari.

Maji ya jerikeni yawe ya nyuzi 55 hadi 60. Yasiwe yanayochemka, kwa kuwa plastiki hulegea na mfuniko huvuja, na matandiko yaliyolowa maji ni mabaya kuliko baridi yenyewe. Namna ya kukifikia kiwango hicho bila kipimajoto ni kuchanganya. Kwa mwinuko wa Kakamega, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, wala si 100 kama yanavyochemka Mombasa. Nusu ya maji yanayochemka ikichanganywa na nusu ya maji ya kisima yenye nyuzi 20 hutoa mchanganyiko wa nyuzi 57. Sufuria moja kwa sufuria moja, basi. Maji baridi yatangulie ndani ya jerikeni.

Jerikeni hufungwa kwa gunia, kwa kuwa uso wake ungali wa moto kupita kiasi kwa kifaranga anayeuegemea, kisha husimamishwa katikati ya bruda, vifaranga wakiizunguka. Si lazima iwe chini yao. Baadhi ya wafugaji huilaza ndani ya shimo dogo na kuifunika kwa ubao na maranda, wakawa wamejitengenezea sakafu ya mabomba ya aina yake. Hufanya kazi, mradi ubao usiguse plastiki na maji yasivuje. Badilisha moja kwa wakati, si zote pamoja, ili joto lisipande na kushuka kama bei za mahindi.

Jiko la makaa ndilo linalotumiwa zaidi, na ndilo lenye hatari kubwa kuliko zote. Makaa yanayowaka katika chumba kilichozibwa ili kuzuia upepo hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Huwaua vifaranga, na humwua pia mlezi wao anayelala chumbani humo ili awaangalie. Ubora mkubwa wa maji ya moto kwa mfugaji mdogo ni huu: jiko hubaki jikoni, moto na moshi hubaki nje, na kinachoingia kwa vifaranga ni joto peke yake. Kwa jerikeni ya maji hakuna kinacholipuka, kinachoshika maranda moto, wala kinachomaliza hewa.

Mwana wa nguruwe

Wafugaji wa nguruwe wana tatizo la kushangaza zaidi, kwa kuwa chumba kimoja huwa na wanyama wawili wanaotaka hali mbili zilizo kinyume. Mwana wa nguruwe aliyezaliwa leo hutaka nyuzi 32 hivi. Mama yake huwa starehe kwenye nyuzi 18 hadi 20, na akizidiwa na joto hupunguza kula, na maziwa hupungua. Kukipasha chumba kizima ni kumtesa mama. Kukiacha kilivyo ni kuwafanya watoto wamlalie ubavuni watafute joto, na hapo ndipo huwalalia akawaponda.

Hapa sakafu ya maji huishinda taa. Pembe moja ya banda, yenye ukubwa wa mita moja mraba na iliyozungushiwa vyuma ambavyo mama hawezi kuvipita, hupashwa hadi nyuzi 32 na kuachwa bila maranda au kwa maranda haba, na sehemu iliyobaki huachwa baridi. Kwa kuwa watoto hulala moja kwa moja juu ya saruji, maji yanayohitajika ni ya nyuzi 38 hadi 42 tu, chini ya yale ya vifaranga walio juu ya matandiko, ingawa mnyama ni mkubwa zaidi. Watoto huitambua pembe hiyo katika siku yao ya kwanza au ya pili, hunyonya na kurudi huko kulala. Joto hupunguzwa nyuzi mbili kila juma hadi waachishwe kunyonya. Pembe hiyo ifunikwe kwa ubao juu, ikaguliwe usiku kwa tochi; wakiwa wamelala kando kando bila kupandiana, maji yaachwe kama yalivyo.